Ngoma ya Kufunga Lango

Bibi yangu alizaliwa Tanga akaolewa Mombasa, na mpaka anaingia kaburini hakuacha kusema kwamba Tanga ndiko kulikokuwa na ngoma. Siku niliyompigia simu kutoka Portsmouth kumpa habari kwamba nimekubaliwa katika bendi za Royal Marines, askari wa majini wa Uingereza, tulianza kama kawaida yetu. Shikamoo bibi. Marahaba baba, hujambo, umekula? Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Umeingia Marini?"

"Naam bibi. Marines."

"Basi hukwenda mbali. Baba yangu alikuwa Marini."

Nilidhani umri umeanza kumchanganyia mambo. Baba yake alikuwa fundi cherehani, hakupanda meli ya vita hata siku moja. Ikabidi anieleze, na tangu jioni ile sijaweza kuusikia muziki wa kijeshi wa Waingereza kama muziki wa watu wengine.

Marini kilikuwa chama cha beni. Beni ni bendi iliyopita katika ulimi wa pwani. Mwishoni mwa karne ya 19 vijana wa Mombasa na Lamu waliona askari na wanamaji wa Kizungu wakitembea kwa mpangilio nyuma ya ngoma na matarumbeta, wakayachukua yale mambo wakayafanya yao, pamoja na sare, vyeo, maandamano na mashindano ya mtaa na mtaa. Mombasa kulikuwa na Kingi na Scotchi. Tanganyika wakavuma Marini na Arinoti. Askari na makarani waliokwenda katika Vita vya Kwanza vya Dunia waliibeba beni hadi bara ya mbali, na Terence Ranger, mwanahistoria, aliiandikia kitabu kizima mwaka 1975. Babu mzaa bibi ndiye aliyewashonea Marini wenzake makoti yao. Bibi aliyakumbuka mabaki ya kitambaa chini ya meza, na vifungo vya shaba ambavyo watoto hawakuruhusiwa kuvigusa.

Sasa mimi nimestaafu. Nilihudumu miaka 18, nimerudi Kisauni, Mombasa, si mbali na Kengeleni, na jioni nafundisha watoto. Watu huniuliza kazi ile ilikuwaje, nami huona wanataka nizungumzie malkia na farasi. Nitasema nilichokifanya.

Mimi ni mpiga yufoniamu. Ni ala ya shaba kama tuba ndogo, hukumbatiwa kifuani, na sauti yake ni ya mwanamume wa makamo anayeimba bila kupaza. Niliianza kwenye bendi ya Jeshi la Wokovu, Mombasa, kabla mama hajapata kazi ya uuguzi Uingereza akanichukua. Shule ya muziki ya Royal Marines iko ndani ya bandari ya kijeshi ya Portsmouth, katika jengo lililokuwa jela ya wanamaji, na vyumba vya mazoezi ni seli za zamani. Nimekaa saa nyingi nyuma ya mlango ule mzito nikirudia vipimo vinne vya muziki mpaka midomo inakufa ganzi, na sijutii hata saa moja.

Katika kazi zote tulizofanya, iliyokuwa karibu zaidi na moyo wangu ni ile iitwayo Beating Retreat. Watalii huiona ni tamasha la jioni. Asili yake ni amri. Katika miji ya ngome ya Ulaya, katika karne za nyuma, jua likikaribia kuzama wapiga ngoma walipita mitaani kuwaambia askari walio nje kwamba lango linakaribia kufungwa. Doria zirudi, walinzi wa usiku washike zamu, na aliye nje baada ya hapo ni shauri yake. Baadaye usiku ilipigwa ngoma nyingine, ya kuwaambia wenye vilabu wafunge mabomba ya pombe, na ndiyo iliyozaa neno tattoo, la maonyesho ya kijeshi, kutoka Kiholanzi. Sisi tunasema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Jambo lenyewe hapa ni dogo na ni kubwa sana: rudini ndani, tuwahesabu.

Nilipoujua ukweli huo sikuweza tena kutembea kwenye uwanja ule kama mtu anayepamba sherehe.

Uwanja ni Horse Guards, katikati ya London. Ni eneo pana la changarawe, jengo la William Kent upande mmoja, bustani ya St James's Park upande wa pili, na pembeni ukuta wa bustani za Downing Street. Saa ya jengo lile ina alama nyeusi kwenye namba mbili, kumbukumbu ya saa aliyokatwa kichwa Mfalme Charles wa Kwanza mwaka 1649. Vikosi vya walinzi wa mfalme, wale wenye koti jekundu na kofia ndefu ya manyoya ya dubu, wana Beating Retreat yao hapohapo. Sisi tulivaa koti la bluu iliyoiva na helmeti nyeupe. Yetu ilifungamana na siku ya kuzaliwa ya Prince Philip, mume wa malkia, Juni 10, kwa kuwa alikuwa mkuu wetu wa heshima kuanzia 1953 hadi 2017. Mwaka 2014, Royal Marines walipotimiza miaka 350, zilikusanywa bendi zetu kutoka vituo vyote, wanamuziki karibu 200.

Watu 200 wanaopiga wakitembea ni tatizo la fizikia kabla hawajawa muziki. Sauti husafiri mita kama 340 kwa sekunde, na anayeishi mjini haoni kwa nini aijali hesabu hiyo. Ila kati ya safu ya kwanza na ya mwisho ya bendi zilizounganishwa kuna mita 40 hivi, na sauti inahitaji zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde kuzivuka. Sisi tunakwenda karibu hatua mbili kwa sekunde. Maana yake, mdundo wa mwenzangu wa mwisho unanifikia umechelewa robo ya hatua. Nikiusubiri ndipo nipige, nami nachelewa, na aliye mbele yangu akinisubiri mimi anachelewa zaidi, na baada ya vipimo vichache bendi imekuwa kama gari la moshi lililoachana mabehewa.

Hilo nililijua kwa aibu. Mazoezi yangu ya kwanza ya bendi zilizounganishwa yalifanyika kwenye uwanja wa lami, asubuhi ya upepo. Mimi nimelelewa kanisani, na kanisani unafundishwa kumsikiliza jirani yako. Nikasikiliza kwa bidii zote. Kila tulipogeuka kurudi kupitia safu zetu wenyewe, nikajikuta mguu wangu wa kushoto uko hewani wakati miguu 199 iko chini. Mara ya tatu mwalimu wa gwaride alisimamisha kila mtu, akaja hadi usoni pangu, na sikuona hasira kwake. Aliniambia masikio yangu ni mazuri kupita kiasi, niyafunge. Nitazame fimbo ya dramu-meja, mguu wangu ufuate ngoma iliyo mbele, na muziki niupige kwa kuuamini tu.

Kupiga kwa kuamini ni jambo gumu kulieleza. Unatoa noti yako wakati ambao masikio yanakuambia si wakati wake, kwa sababu umekubali kwamba yule aliye mbali, usiyemsikia sawasawa, anatoa yake sasa hivi. Watazamaji walio jukwaani ndio wanaozipata zote pamoja. Miaka 18 nimepiga muziki mkubwa ambao sikuwahi kuusikia kama ulivyo. Nilizoea, lakini kuna usiku bado natamani ningekuwa nimekaa jukwaani mara moja.

Bendi ya Royal Marines huwaweka wapiga ngoma mbele, tofauti na bendi za jeshi la nchi kavu. Hao ndio uti wa mgongo. Mtu huyohuyo anayepiga ngoma ndiye mpiga buruji, na buruji yake hubebwa ubavuni muda wote huo. Mwendo unaanza kwa mivumo ya ngoma, halafu noti ya kwanza inaangukia mguu wa kushoto. Kusimamisha muziki, ngoma kubwa inapiga midundo miwili mizito, nje ya utaratibu wake, na kila mmoja anajua mwisho umefika. Hakuna anayepaza sauti. Noti zenyewe ziko kwenye kadi ndogo iliyobanwa juu ya ala, na zikilowa mvua zinashikana kama ukoko, kwa hiyo mwenye busara hukariri. Mate hujaa ndani ya mabomba nawe huwezi kuyamwaga mpaka mtakaposimama. Helmeti ina ukanda wa kidevuni, na kidevu ndicho mpiga ala ya shaba anachokihitaji kiwe huru. Jua likiwaka, kusimama bila kutikisika ndiko kunakoangusha watu kuliko kutembea. Juni 2023, katika mazoezi ya gwaride la mfalme uwanjani hapohapo, askari kadhaa wa vikosi vya walinzi walizimia kwa joto, na mpiga tromboni mmoja alianguka, akajaribu kuinuka aendelee kupiga. Nilikuwa nimeshastaafu. Nilitazama picha zile nimesimama jikoni kwangu Kisauni, vidole vya miguu vikicheza vyenyewe ndani ya ndara, kwa maana hivyo ndivyo tulivyofundishwa, chezesha vidole, legeza magoti kidogo, damu ipande.

Nirudi kwenye kuhesabu, maana ndiko ninakotaka kufika.

Mwanamuziki wa Royal Marines ni askari wa melini. Katika Vita vya Pili vya Dunia, kituo chao cha vita hakikuwa jukwaani. Walishuka kwenye chumba kilicho chini kabisa ya meli, chini ya usawa wa maji, ambako shabaha za mizinga zilikuwa zikihesabiwa kwa mashine zilizohitaji mikono mingi inayokwenda pamoja bila kukosea. Wanamuziki walichaguliwa kwa sababu hiyohiyo, wamezoea kufanya kitu kwa wakati mmoja. Lakini meli ikipigwa, aliye chini kule hatoki. Wanamuziki na wapiga buruji 225 walikufa katika vita vile, robo ya bendi nzima. Meli ya Hood ilipozama Mei 1941 wakaokolewa watu watatu tu kati ya zaidi ya 1,400, na bendi yake ilikwenda nayo. Katika vita vya Falklands mwaka 1982 wenzetu waliotutangulia walikuwa kwenye meli ya Canberra wakipokea majeruhi, wakibeba machela. Sisi pia tulifundishwa kubeba majeruhi, na hiyo ni nusu ya kazi ambayo jukwaa haliioni.

Na kuna Deal. Septemba 22, 1989, bomu la kundi la IRA la Ireland lililipuka katika shule yao ya muziki, wakati huo ikiwa katika mji wa Deal, Kent. Wanamuziki 11 walikufa, wengi wao vijana. Wiki moja baadaye, waliobaki walivaa sare wakapita katika barabara za mji huo wakipiga, na pale walipotakiwa kuwa waliokufa na waliolazwa, waliacha nafasi wazi. Safu hazikubanwa. Bendi ilitembea na mashimo yake.

Mmoja wa waliofundisha rika langu alikuwepo siku ile. Hakulizungumzia ila mara moja, tena kwa ufupi, tulipokuwa tukipanga safu na mwanafunzi mmoja akasogea kujaza nafasi ya mgonjwa bila kuambiwa. Alimrudisha kwa mkono. Akasema nafasi ya mtu ni ya mtu.

Kwa hiyo jioni ile ya 2014, nilipoingia uwanjani nikiwa katikati ya safu, nilikuwa na ngoma ya kurejea mbele yangu na hesabu ile nyuma yangu. Mwezi Juni jua la London huzama saa tatu na ushei usiku, jambo ambalo bibi hakulikubali kamwe; yeye alishikilia kwamba magharibi ni magharibi. Tulipiga mwendo wa haraka, tukapiga mwendo wa taratibu, wapiga ngoma wakajipanga mstari mmoja mrefu wakapiga peke yao, vijiti vikipanda na kushuka kama mkono mmoja. Watu wakashangilia. Kisha taa zikapungua, tukasimama nusu mduara, na uwanja ukaanza kunyamaza.

Sehemu inayofuata inaitwa Sunset. Aliitunga A. C. Green, mwanamuziki wa Royal Marines, miaka ya 1930. Wapiga buruji wanapiga mwito wa zamani wa machweo, nasi tunaweka sauti nzito chini yake, taratibu sana, huku bendera ikishuka kwenye mlingoti. Buruji haina vali. Ina noti chache tu, zinatoka midomoni, na zote ziko uchi. Wakati huo buruji zimekuwa zikining'inia ubavuni karibu saa nzima kwenye hewa ya jioni, zimepoa, na shaba iliyopoa hushuka sauti. Ala zetu sisi zimekuwa zikipuliziwa muda wote, zina joto, na shaba yenye joto hupanda. Tukianza bila uangalifu, mwito na muziki vitapishana kwa unywele, na unywele huo husikika mpaka St James's Park.

Mpiga buruji aliyekuwa mbele yangu alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu. Nilimwona akiishusha buruji, akaiweka mdomoni bila kupiga, akawa anapumua ndani yake kimya, pumzi ndefu, mara tatu, mara nne, kama mtu anayempasha mtoto mikono. Mstari mzima ulikuwa ukifanya hivyo. Pumzi ilionekana kwenye taa. Hakuna mtazamaji aliyejua kwamba kazi ngumu kuliko zote za usiku ule ilikuwa ikifanyika wakati ule, kabla ya noti yoyote. Nami nikavuta kidogo bomba la kurekebishia sauti, nishuke nikamkute. Akapiga. Nikaingia chini yake. Tulikutana.

Bendera ilipogusa mikono ya aliyeipokea, noti yetu ya mwisho ilikuwa bado hewani.

Wengine wananiuliza, hasa hapa nyumbani, ninawezaje kuusifu muziki wa waliotutawala. Ni swali la haki na silikimbii. Jeshi la majini la Uingereza ndilo lililolipiga jumba la Sultani Zanzibar kwa mizinga, Agosti 27, 1896, na halikuchukua hata saa moja kuua na kujeruhi watu mamia. Bendera ile ilipandishwa kwetu kabla ya kushushwa, na ilipandishwa kwa ngoma zilezile. Nilivaa sare yao nikijua. Ila nadhani wale vijana wa Kingi na Scotchi, na babu yangu fundi na cherehani yake, walilielewa jambo ambalo wasomi wetu wengi hulipita. Waliichukua ngoma wakaiacha amri. Wakaitumia kukusanyana, kuzikana, kutambiana, kujuana nani ni wa mtaa gani na nani hajaonekana siku tatu. Waliona kilichomo ndani ya ngoma ile, kilichokuwemo kabla ya Mwingereza kuivalia kofia. Kisauni hapa hapahitaji kuhubiriwa hilo. Freretown, jirani yetu, ilianzishwa na wamisheni mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka katika majahazi ya watumwa, vijana wake wakafundishwa filimbi na ngoma za kijeshi, na kengele iliyosimama njiapanda mpaka leo iliwekwa ipigwe wakionekana wawindaji wa watu, ili kila mmoja akimbilie ndani.

Asubuhi baada ya onyesho nilimpigia bibi. Dada yangu alikuwa amemwonyesha video kwenye simu. Alikuwa na miaka themanini na kitu, macho yamepungua, kwa hiyo alikuwa ameiweka simu sikioni akasikiliza tu. Nikamweleza ile ngoma ni ya nini, kwamba zamani ilipigwa ili walio nje warudi kabla ya lango kufungwa. Nilitarajia atauliza kuhusu malkia, au sare. Akauliza, "Na wote walirudi?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nikamweleza kuhusu Deal na zile nafasi wazi. Alisema inna lillahi, akatulia, kisha akasema baba yake alipokufa, mwaka ambao Marini wenyewe walikuwa wamebaki wazee, walikuja nyumbani na ngoma moja tu, wakasimama uani bila kuipiga.

Sasa nina watoto 14 na ala 11, nyingi zilizochakaa, mbili nimeziziba matundu kwa risasi kwa mikono yangu. Tunakutana kwenye uwanja wa shule saa kumi na nusu. Siwafundishi Sunset, bado hawana pumzi ya noti ndefu. Nawafundisha kusimama, kupumua ndani ya ala kabla ya kupiga, kutazama mkono wangu. Adhana ya magharibi ikikaribia tunaacha, wa msikitini waende na wa kanisani wakusanye viti, na mimi nasimama kwenye mlango wa stoo nikipokea ala moja moja.

Jana zilirudi kumi. Koneti moja ilikuwa haipo, na mvulana wake pia. Wenzake wakasema amekwenda dukani kumnunulia mamake unga, amesema atapita. Wakaniaga, mwalimu kesho. Giza likaingia. Nikavuta kiti nikakaa mlangoni, kufuli mkononi, mlango wazi.